Laptopu ndogo ya inchi 11: jinsi ya kuijaribu siku nne za kwanza ujue mwisho wake (mwongozo kamili kutoka L'shi, yaani Lubumbashi, Kongo)

Hizi mashini ndogo zinakudanganya mara mbili. Mara ya kwanza ni kule dukani, muuzaji anaiwasha, inafunguka mbio, unagusa folda moja unafunga, unasema eh hii iko fiti, unatoa pesa. Mara ya pili ni usiku uleule nyumbani, umeiunga kwenye intaneti ya simu, kila unachogusa kinaganda, kaduara kanazunguka tu katikati ya skrini, unaanza kuhesabu dola zako zilizokwenda. Dukani ilikuwa haina kazi yoyote mgongoni, nyumbani ilikuwa imebeba apdeti na antivairasi ambazo wewe huzioni. Sura yake yenyewe utaiona siku ya tatu au ya nne, na siku hizohizo ndio garanti ya mdomo ya muuzaji inaisha, sasa ukingoja bila kupima umeliwa.

Mimi nachapa na kuprinti TFC (travail de fin de cycle, kazi ya kumalizia masomo) za wanafunzi, niko na sekretaria kadogo upande wa Kassapa, kwa hiyo hizi laptopu ndogo zinapita mikononi mwangu kila wiki, mtoto anakuja analia Word imefunga na sura ya pili yote imekwenda. Mwaka huu nami nikachukua ya kwangu maana delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) imezidi, na kompyuta kubwa ya mezani bila umeme ni fanicha. Mkono wa pili, inchi 11.6, prosesa (ubongo wa mashini) Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4, diski giga 64, dola 95 kwenye soko ya Kenya (nyinyi wa mbali, Kenya hii ni komini ya hapa Lubumbashi, sijavuka mpaka wowote). Na nikiandika "nilinunua" ni kwa ajili yenu, sisi huku tunasema nimeiuza, maana kuuza kwetu ni kununua na anayetoa mali ndiye anauzisha, fikirieni sasa tukikutana kwenye grupu moja la WhatsApp la vitu vya kuuza.

Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: UKIWA BADO NA PESA MFUKONI

Usisome karatasi iliyobandikwa juu. Niliona moja imeandikwa RAM 8 ndani iko 4, nikamwonyesha kijana akaniambia "yaya (yaani mkubwa wangu), ile ni karatasi ya ingine". Sawa. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, Windows nyingi za huku ni za Kifaransa kwa hiyo itafunguka "Gestionnaire des tâches" (Task Manager), ingia sehemu ya "Performances", pale utaona jina la prosesa, RAM ni giga ngapi kweli, na diski ni kubwa kiasi gani.

Jina la prosesa liandike kwenye simu. Kwa haya madogo utakutana sana na Celeron N3060, N3350, N4000, N4020, na ukiwa na bahati N100. Tofauti yake si ya bure. N3060 na N3350 haziko kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali, na Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake ukichukua hiyo panga kabisa kuiwekea Linux (mfumo wa bure badala ya Windows, hatua ya 5). N4000 na N4020 Windows 11 inazikubali. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023, iko na kora 4 badala ya 2, ukiipata kwa bei ya karibu usibishane sana, lipa.

Diski ikiwa giga 32, mimi ningeiacha hapohapo kama unataka Windows, maana Windows 11 yenyewe inaomba 64. Na hizi za 32 na 64 karibu zote si SSD hata muuzaji akiapa, ni eMMC, ni aina ya hifadhi kama ya ndani ya simu, imechomelewa kwenye bodi. RAM nayo mara nyingi imechomelewa vilevile. Kwa hiyo ule wimbo wa "utaongeza baadaye" usiuimbe, uliza kwanza kama ndani kuna nafasi ya kuongeza diski (baadhi ziko na tundu ya M.2 iliyobaki wazi), na kama hajui mwambie afungue skrubu muone pamoja. Akikataa, na wewe kataa.

Kisha betri. Tafuta "cmd" kwenye menyu, andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea faili, ile anwani ya faili inaandikwa palepale, ifungue kwa brauza. Tafuta namba mbili, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Yangu ilikuwa mWh 38,000 kiwandani na 29,000 sasa, yaani imebaki kama robo tatu, nikatumia hiyo kushusha bei kutoka 110. Ikiwa chini ya nusu hesabu kabisa pesa ya betri nyingine, na betri za hizi ndogo kuzipata hapa ni kutembea.

Mambo mawili watu wanasahau. La kwanza, mashini zilizotoka kwenye shule au kampuni za ng'ambo. Chromebook (laptopu za mfumo wa Google) hasa. Ukiiwasha ikaandika kwamba inasimamiwa na shule fulani, iache, hata ukiifuta yote ikiingia intaneti inarudi mikononi mwa wale wenyewe. Angalia pia kama ukiwasha inaomba neno la siri kabla hata ya Windows kuonekana, hiyo muuzaji atakuambia ni kitu kidogo, si kitu kidogo.

La pili ni kibodi. Nyingi zinapitia Dubai, ni QWERTY na herufi za Kiarabu pembeni, na wewe unaenda kuandika TFC ya Kifaransa yenye é na ç kila mstari. Ile njia ya Alt na 130 haitakusaidia maana mashini ya inchi 11 haina namba za pembeni. Dawa yake, kwenye mipangilio ya lugha weka kibodi ya "États-Unis (International)", halafu unabonyeza ' kisha e unapata é, ' kisha c unapata ç, ` kisha e unapata è. Siku mbili vidole vinazoea. Jaribu vifungo vyote kimoja kimoja kwenye Bloc-notes (Notepad) ukiwa dukani, hata kile cha pembeni usichokitumia.

HATUA YA 2: USIKU WA KWANZA, USIIGUSE

Najua inauma. Lakini mashini ikiwashwa upya ikaona intaneti inaanza kushusha apdeti, Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) inapekua faili zote, Windows inatengeneza orodha ya vitu vyote vilivyomo, na prosesa ya kora mbili ndiyo inayobeba yote hayo. Ukifungua Gestionnaire des tâches utaona diski 100%, na jina moja linakaa juu, Antimalware Service Executable. Hiyo ndiyo Defender, si kirusi, usiikimbize na usiweke antivairasi ya pili juu yake, mbili kwenye giga 4 zinapigania pumzi moja. Defender inatosha, hata kwa zile flashi za sekretaria zenye folda zinazogeuka njia za mkato.

Tatizo letu ni mega (data ya intaneti). Apdeti za mara ya kwanza zinaweza kula giga kadhaa, ukiwa umeunga simu yenye forfe (bando) ya wiki asubuhi huna kitu. Mimi nilifanya hivi, nilipofika tu kwenye mipangilio ya wifi nikaweka "connexion limitée", ikatulia, halafu Jumamosi nikaipeleka kwa rafiki mwenye intaneti ya mwezi, nikaitoa ile limitée, nikaacha ichajiwe na ishushe apdeti zote kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi, tukala bukari (ugali) zetu na samaki, ikajizima na kujiwasha mara tatu. Baada ya hapo ikawa mashini nyingine. Kama huna rafiki wa hivyo fanya kidogo kidogo ila usiihukumu kabla hazijaisha.

HATUA YA 3: PIMA KWA KAZI YAKO MWENYEWE

Hapa ndipo penye nyama, soma pole pole.

Watu wanasema "mashini ni nzito" kama vile ni ugonjwa mmoja. Kuna dari nne, kila moja ina dalili yake, na ukijua umegonga ipi hutapoteza pesa kwa dawa isiyo yake. Fungua Gestionnaire des tâches, iache pembeni, kisha fanya kazi zako za kawaida: Word yenye faili lako halisi (si ukurasa mtupu), brauza na tabu tano, WhatsApp Web, labda PDF ya notisi za darasa. Ikianza kukwama, usipige meza, angalia namba.

Mémoire ikiwa 85 au 90% na diski nayo imeruka 100% wakati mmoja, hiyo ni RAM imejaa. Giga 4 ukiwasha tu Windows 11 inachukua mbili na zaidi, kipande kingine kinaenda kwa picha za skrini maana hizi hazina kadi ya picha yenye kumbukumbu yake. Kilichobaki ndicho chako, na tabu moja ya Facebook au ya gazeti lenye matangazo inaweza kumeza mamia ya mega. RAM ikijaa Windows inahamishia vitu kwenye diski, na diski ni ile eMMC, ambayo kusoma faili moja refu inajitahidi lakini vitu vidogovidogo elfu kwa wakati mmoja inazama. Ndio maana haikuharibikii taratibu. Tabu ya sita iko sawa, ya saba iko sawa, ya nane kila kitu kinasimama hata mshale. Kwenye yangu mpaka ni Word pamoja na tabu sita, WhatsApp ikiwa mojawapo. Yako itakuwa namba nyingine, itafute, iandike, ndiyo kitu cha muhimu kuliko vyote utakavyojua kuhusu hiyo mashini.

Prosesa ikiwa 100% na mémoire iko chini kama 60, hiyo ni nguvu. Hutokea kwenye video, kwenye Zoom, kwenye kufungua faili la zip kubwa. Hakuna dawa hapa zaidi ya kungoja au kupunguza.

Diski 100% peke yake, mengine yote yametulia: ni apdeti au Defender, au nafasi imebaki ndogo sana. Ingoje robo saa kwanza.

Ya nne ni joto, na hii inawapita wengi. N4020 imeandikwa 1.1 GHz mpaka 2.8 GHz. Ile 2.8 ni ya mbio fupi, ya kufungua programu. Prosesa hii imejengwa kwa wati 6 (taa ya LED ya sebuleni inaweza kula 9), na mashini nyingi za hivi hazina feni, joto linatokea kwenye plastiki ya chini tu. Kwa hiyo ukiibana dakika kumi inashusha mbio yenyewe ili isiungue. Utaona kwenye Performances "Vitesse" inaporomoka kutoka 2 na kitu kuelekea 1.1. Mwezi wa kumi hapa L'shi kabla mvua haijaanza, chumba cha bati, mashini juu ya kitanda, hiyo inatokea kila mchana. Iweke juu ya meza au hata kipande cha mbao, iinue nyuma kidogo. Yangu iko juu ya vifuniko viwili vya chupa na sioni aibu.

Dukani kijana alikuonyesha ile 2.8, ya sekunde chache. Wewe unaenda kuishi na ile ya chini.

HATUA YA 4: KUIPUNGUZIA MZIGO

Gestionnaire des tâches tena, sehemu ya "Démarrage" (programu zinazojiwasha zenyewe). Zima vyote usivyovijua kazi yake isipokuwa vya sauti, vya touchpad na vya usalama. OneDrive, Teams, Skype, Spotify, za kampuni iliyotengeneza mashini, zima. Yangu ilitoka mémoire 68% mpaka 54% ikiwa haijafungua kitu.

Kwenye diski, giga 64 utaona 58 hivi maana hesabu za kiwanda na za Windows hazifanani, na Windows yenyewe inakaa kwenye karibu nusu. Fungua cmd kama administrateur, andika powercfg /h off, unaokoa giga moja na nusu ya faili la kulala (ila ile hibernation inatoka kabisa). Halafu compact /compactos:always, inabana faili za Windows, inachukua muda, inarudisha kama giga mbili. Faili zako weka kwenye kadi ya microSD, na kopi nyingine kwenye flashi, maana kadi huzaliwa na kufa bila kuaga. Acha giga 10 wazi daima, apdeti ikikosa nafasi inajaribu na kushindwa, inajaribu na kushindwa, wiki nzima, na kila ikijaribu inakula mega.

Brauza, Edge iko na mpangilio wa kulaza tabu usizozitazama, Chrome nayo iko na wa kuokoa kumbukumbu, viwashe. Mimi niko kwenye Firefox na uBlock Origin, matangazo yakitoka kurasa zinakuwa nyepesi nusu, na mega zinadumu.

Word yenyewe haina shida, shida ni picha. Mtoto anapiga picha ya kila ukurasa kwa simu, kila moja mega 4, anabandika 60 kwenye faili moja, halafu mashini ndiyo mbaya. Bonyeza picha, tafuta "Compresser les images", chagua zote. Na kila sura faili lake, unaziunganisha siku ya kuprinti.

HATUA YA 5: LINUX, LAKINI USIKIMBILIE

Kwa zile za N3060 na N3350 na zote ambazo Windows 11 inazikataa, Linux Mint ya Xfce (toleo lake jepesi) ndiyo ninayoweka. Faili lake ni karibu giga 3, lishushe mara moja, liweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa mashini kutoka kwenye flashi, utaitumia bila kufuta kitu. Jaribu hapo wifi, sauti, touchpad, mwanga wa skrini. Kimoja kikikataa usisakinishe bado. Baadhi ya mashini za zamani zaidi za Atom zinakataa kabisa kuwaka na Mint, hizo jaribu antiX, Linux nyingine, ni nyepesi kupita.

LibreOffice inafungua faili za Word, lakini kama mwalimu wako anataka docx yenye jedwali na namba za kurasa zilizopangwa kwa njia ya fakulte, ifungue kwanza kwenye Word ya mahali kabla ya kuprinti, nimeona kurasa 70 zinakuwa 74 na meza ya yaliyomo yote inasema uongo.

HATUA YA 6: VIDEO NA ZOOM

Hapa kuna siri moja ndogo. N4020 iko na sehemu ndani inayofungua video za H.264, HEVC na VP9 (hizi ni namna za kubana video) bila kuchosha prosesa. Lakini YouTube siku hizi inaweza kukutumia AV1, na hiyo N4020 haina (N100 inayo), kwa hiyo prosesa inaifungua kwa mikono, 100%, video inakatikakatika na wewe unalaani mtandao. Weka kiongezi kinaitwa h264ify kwenye brauza, inailazimisha YouTube kutuma H.264. Na usiombe 1080 kwenye skrini ya 1366 kwa 768, 480 inatosha na mega zitakushukuru.

Zoom, zima kamera yako, funga vyote vingine, usitumie ile ya kubadilisha nyuma ya kichwa chako. Ukitakiwa kuonyesha slaidi huku kamera iko wazi, tafuta mashini ingine siku hiyo, au ingia kwa simu upande wa kamera.

HATUA YA 7: UMEME

Hii ndiyo sababu niliichukua na hapa sijutii. Kwa kuchapa tu, mwanga umeshushwa nusu, yangu inakula kama wati 7, na ile betri ya mWh 29,000 (yaani Wh 29) inanipa saa nne. Kompyuta ya mezani kwa grupu (jenereta) ya jirani ni pesa ya esansi (petroli) kila saa.

Kama chaja yako ni USB-C na mashini inakubali kuchajiwa hivyo (zingine ziko na tundu ya USB-C lakini ni ya faili tu, jaribu dukani), benki ya umeme ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 kwenye karatasi, toa kinachopotea njiani, bado inakujazia zaidi ya mara moja. Ila iwe ya PD (Power Delivery, inayoweza kupandisha volti), ile ya kawaida ya volti 5 haitaipeleka mahali.

Umeme ukikatika chomoa chaja ukutani. Ukirudi ngoja dakika tano ndipo uchomeke, ule wa kwanza unarudi na hasira, na bodi ya hizi mashini ni kipande kimoja, ikiungua umepoteza prosesa, RAM na diski na faili kwa mpigo.

HATUA YA 8: KAZI ISIYOINGIA

Wanafunzi wa polytechnique (uhandisi) wananiuliza AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi. Hapana. Yenyewe inaomba RAM giga 8 kwa uchache, utaisakinisha usiku mzima ili uitazame ikifa. Programu za kuchora migodi ya pande tatu, hapana. Kukata video ya harusi, hapana. QGIS (programu ya ramani) yenye tabaka mbili tatu ndogo, inaenda ukivumilia. Excel ya mistari elfu chache, vizuri tu.

Wajanja wao wanachora kwenye mashini za maabara au kwa mwenzao mwenye kubwa, wanatoa PDF ya mchoro, wanaiweka kwenye flashi, halafu maandishi yote ya TFC, sura baada ya sura, wanachapa kwenye kadogo kao kwenye teksi, kwenye foleni ya notisi, na hata kwenye kibaraza cha sekretaria yangu wakingoja umeme urudi ili niwaprintie.